Kazi ikiisha, mfanyakazi adai nini?



Leo tunasema juu ya matata ambayo wazee wanaletewa kila mara. Mtu amefukuzwa kazi, makuta yake hakupewa, na kesho yake mtaa wote unasema: "Ni watu wa kabila lile wamemfukuza." Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi ni hesabu ambayo haijafanywa, nayo hesabu ina sheria yake.

Sheria hiyo ni Kode ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyogeuzwa sehemu mwaka 2016. Inasema bwana kazi hawezi kuvunja kontra isiyo na mwisho pasipo sababu ya haki: uwezo wako, mwenendo wako, ao mahitaji ya kazi yenyewe. Kabila si sababu.

Utasema, "Mimi sikuandikiwa kontra." Hiyo isikufunge kinywa. Kazi isiyo na karatasi inahesabiwa kuwa kontra isiyo na mwisho, na unaweza kuihakikisha kwa mashahidi. Hata ninyi mnaolipwa kwa siku: mtu akifanya siku 22 katika miezi 2, akiandikwa tena mbele miezi hiyo haijaisha, amekuwa mfanyakazi wa kontra isiyo na mwisho. Mabwana kazi wengi wanajua hilo, nao wananyamaza.

Sasa preavi. Bwana kazi anapaswa kukupa siku 14 za kazi, na kuongeza siku 7 kwa kila mwaka mzima uliotumika. Mlinzi wa miaka 4: 14 na 28, jumla siku 42. Kama hataki uzifanye, azilipe. Mwenye kosa kubwa, kama wizi, hapati preavi. Lakini mshahara wa siku alizokwisha kufanya ni wake. Mshahara huo, pamoja na konje ambayo hukuichukua, ulipwe katika siku 2 za kazi kisha kuacha. Udai pia cheti cha mwisho wa kazi.

Na ninyi mliokimbia Goma ao Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025? Vita inaweza kusimamisha kontra. Haifuti mshahara wa siku mlizofanya mbele ya kukimbia. Lakini mshahara unadaiwa ndani ya mwaka 1 tu, basi msikawie.

Mashefu, tunawaomba jambo moja. Msikate neno la kontra chini ya mti, wala msiite vijana waende kusimama mlangoni kwa bwana kazi. Huko ndiko damu inamwangika. Msaidieni mtu kuandika barua, abaki na kopi, kisha mumsindikize kwa inspekta wa kazi, mahali ofisi ingali wazi. Yeye anawaketisha wote wawili. Wakikosa kupatana, anaandika karatasi, na kwa karatasi hiyo tribinali inaweza kupokea mashtaka. Bila kupita kwake, tribinali haipokei.

Nawe mfanyakazi, usitie mkono kwenye karatasi ambayo hukusomewa. Na majina ya wale mliofanya kazi pamoja, yaandike leo, kwa maana nao wanaweza kuhama kambi.