Mkataba wa Umeme ni Deni: Tuulize Kabla ya Kusaini

(Maelezo ya mjumbe wa kamati ya fedha kwenye mkutano mkuu wa mwaka)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya umeme, kwa sababu leo tuna uamuzi wa kufanya. Kamati imeletewa ofa ya kukodi jenereta kubwa ya dizeli kwa ajili ya zahanati na shule yetu ya sekondari. Mkataba ni wa miaka mitano, na kodi italipwa kila mwezi hata kama jenereta haikuwashwa. Wengi tumeipenda, maana giza limetuchosha. Akina mama wanajifungua kwa tochi ya simu. Mimi ni mhasibu, si fundi umeme, kwa hiyo nitasema juu ya karatasi.

Nchi yetu ilishasaini karatasi ya namna hii. Mwaka 1995 TANESCO iliingia mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL kwa mitambo ya megawati 100 ya mafuta pale Tegeta. Ndani yake kulikuwa na malipo ya kila mwezi kwa ajili ya mitambo kuwepo tu, umeme uchukuliwe usichukuliwe. Ni kama kukodi basi la harusi: likishaegeshwa uwanjani kwako unalilipia, hata wageni wakija kwa miguu. Ugomvi juu ya gharama za mitambo ulifika kwenye usuluhishi wa kimataifa, na uzalishaji wa kibiashara ulianza mwaka 2002.

Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, tukakimbilia umeme wa dharura. Ndipo likaja suala la Richmond. Februari 2008 Kamati Teule ya Bunge ilisoma taarifa yake, na Waziri Mkuu akajiuzulu. Ndugu zangu, mara zote mbili shida ya umeme ilikuwa ya kweli. Haraka ndiyo iliyotuponza.

Leo utaratibu ni mwingine. EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006, inasimama katikati ya muuzaji na sisi wanunuzi. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 iliipa nguvu zaidi. Kwanza kuna mpango kabambe wa nchi, unaokadiria mahitaji ya miaka mingi ijayo na vyanzo vya kuyatosheleza. Pili, ununuzi wa umeme mpya na mkataba wenyewe vinahitaji idhini ya mdhibiti. Tatu, TANESCO ikitaka kupandisha bei, mdhibiti huitisha mkutano wa taftishi, na mwananchi yeyote anaweza kusimama akahoji.

Sisemi utaratibu huu haujawahi kuyumba. Mwishoni mwa mwaka 2016 EWURA iliidhinisha bei ipande kwa asilimia 8.5, na Serikali ikaizuia kabla haijaanza kutumika. Wateja tulishukuru, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini kwa macho ya mhasibu, gharama haifi kwa kuzuiwa bei. Huhamia kwenye madeni, au kwenye matengenezo yanayoahirishwa. Ndiyo maana pa kuibana gharama ni mwanzoni, kabla ya kalamu kugusa mkataba.

Angalieni risiti zenu za LUKU. Mbali na VAT, kuna asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA. Asilimia 3 ile inasaidia kupeleka nguzo vijijini, kwetu kukiwemo. Asilimia 1 ile ni ujira wa mlinzi. Tunamlipa kila tunaponunua umeme, lakini ni wangapi humu tumewahi kuhudhuria mkutano wake?

Sasa nirudi kwenye ofa yetu. Naomba tuiulize maswali matatu ambayo nchi ilijifunza kwa gharama kubwa.

La kwanza: tunahitaji umeme kiasi gani? Zahanati inahitaji taa, friji ya chanjo na vifaa vichache, na shule inahitaji taa za kujisomea. Jenereta tuliyoletewa ni kubwa mno kwa kazi hiyo.

La pili: kuna njia nyingine ya bei nafuu? Nguzo za umeme zimeshafika kijiji cha jirani. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilikamilika mwaka 2025. Umeme wa nchi umeongezeka sana. Kazi iliyobaki ni kuufikisha.

La tatu: mambo yakibadilika, hasara ni ya nani? Nguzo zikitufikia mwakani, tutabaki na miaka minne ya kodi ya jenereta iliyozimwa. Hasara hiyo ni yetu peke yetu.

Kamati ya fedha inapendekeza hivi. Ofa ya jenereta tuikatae. Michango ya leo inunue sola ya chumba cha kujifungulia na friji ya chanjo, kwa sababu mama mjamzito hawezi kusubiri nguzo. Inayobaki igharamie kutandaza nyaya kwenye zahanati na shule, kwa fundi mwenye leseni ya EWURA, ili umeme ukifika tuunganishwe mara moja. Na tuchague watu wawili wa kufuatilia ofisi ya TANESCO wilayani kila mwezi na kutuletea taarifa.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Mimi nimeshajaza yangu.