Ruzuku za Wakubwa na Mizani ya Dutwa

(Mazungumzo kwa wakulima wa pamba, Dutwa, Wilaya ya Bariadi)



Msimu wa pamba wa mwaka 2019 haujasahaulika katika Mkoa wa Simiyu. Bei elekezi ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, na mkulima akafurahi, kwani mwaka uliotangulia ilikuwa shilingi 1,100. Kisha pamba ikarundikana katika maghala ya AMCOS. Wanunuzi wengi wakasita, na wakulima waliokwisha kupimiwa wakangoja fedha zao kwa miezi. Lawama zikawaangukia wanunuzi, makarani wa mizani na Bodi ya Pamba. Huenda baadhi ya lawama hizo zilistahili. Lakini kiini cha balaa hakikuwa Bariadi. Kilikuwa Washington na Beijing.

Julai 2018 Marekani na China zilianza kutozana ushuru wa kukomoana, na pamba ya Marekani iliyoingia China ikatozwa asilimia 25. Marekani ndiyo iliyokuwa ikiuza pamba nyingi nje kuliko nchi yoyote, na China ndiyo yenye viwanda vinavyotumia pamba nyingi zaidi duniani. Muuzaji mkubwa alipofungiwa mlango wa mnunuzi mkubwa, pamba yake ilimwagika katika masoko mengine. Bei iliyokuwa imepita senti 90 za dola kwa ratili katikati ya mwaka 2018 ikaanguka hadi chini ya senti 60 ilipofika Agosti 2019.

Hapa yafaa kupiga hesabu, maana hesabu hii haifanywi mara nyingi mbele ya mkulima. Kilo tatu za pamba mbegu hutoa takriban kilo moja ya nyuzi. Kilo tatu kwa shilingi 1,200 ni shilingi 3,600. Senti 60 kwa ratili ni kama dola moja na senti 32 kwa kilo ya nyuzi, na kwa kiwango cha wakati ule, takriban shilingi 2,300 kwa dola, ni shilingi 3,036 tu. Mbegu huuzwa kwa wakamuaji mafuta na kuziba sehemu ya pengo, lakini bado kuna gharama za kuchambua, za kusafirisha marobota hadi bandarini, na riba ya benki. Nani atakopa fedha ili anunue hasara?

Fedha nazo zikaingizwa vitani. Agosti 5, 2019 thamani ya yuani ilishuka kupita yuani 7 kwa dola, na siku hiyohiyo Wizara ya Fedha ya Marekani ikaitangaza China kuwa inachezea thamani ya fedha yake. Shtaka hilo lilifutwa Januari 13, 2020, siku mbili kabla ya wakubwa hao kutia saini mapatano ya biashara. Kila mtu na apime mwenyewe uzito wa shtaka la namna hiyo. Mkulima wa Dutwa hana yuani mfukoni, lakini pamba ya dunia huuzwa kwa dola. Yuani ikishuka, kiwanda cha China hulipa fedha zake nyingi zaidi kwa robota lilelile, nacho hupunguza kununua au hudai bei iteremke.

Wakubwa hao hawakuwaacha wakulima wao waumie. Marekani iliwalipa wakulima wake wa pamba senti 6 kwa kila ratili kwa mavuno ya mwaka 2018, kuwa fidia ya ugomvi ulioanzishwa na serikali yao wenyewe. Tena, sheria yao ya mwaka 2018 iliweka bei ya msingi ya pamba mbegu kuwa senti 36.7 kwa ratili, ambazo kwa kiwango kile ni zaidi ya shilingi 1,800 kwa kilo. Bei ya soko ikiwa chini ya hapo, mkulima hufidiwa kwa sehemu kubwa ya eneo lake la hesabu. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imeipandisha bei hiyo hadi senti 42. China nayo iliwawekea wakulima wa Xinjiang bei ya lengo ya yuani 18,600 kwa tani. Wa Dutwa alikuwa na shilingi 1,200 ya tangazo, isiyo na hazina nyuma yake.

Mashtaka yamewahi kupelekwa. Brazil iliishtaki Marekani katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2002, ikashinda, na mwaka 2014 ikakubali dola milioni 300 na kufunga shauri. Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zililalamika pamoja tangu mwaka 2003. Hazikuwa na ushuru wa kumtishia mkubwa, wala hazikulipwa mamilioni ya Brazil.

Bei elekezi ya mwaka 2020 ilishushwa hadi shilingi 810. Ya mwaka 2022 ikapanda hadi shilingi 1,560. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakodai mfuko wa kusawazisha bei, unaojazwa katika miaka kama 2022 na kufunguliwa katika miaka kama 2019. Mashaka ya wakulima juu ya makato yanaeleweka, maana wamekatwa mengi. Kwa hiyo kila shilingi itakayokatwa iandikwe kwenye stakabadhi ya mkulima, na hesabu ya mfuko isomwe katika mkutano wa AMCOS kila mwaka, kabla mizani haijafunguliwa.