Mtu Anayeusubiri Mswada: Mwandishi Hupata Wapi Nguvu ya Kumaliza?



Nimeombwa nizungumzie motisha ya mwandishi. Nitaanza na mswada uliokwama sura ya nne, maana wengi wetu waandishi tuliomo ukumbini humu tunao. Umo kwenye daftari kabatini, au kwenye simu. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia amekosa muda, au hamu imemwisha. Mimi naamini kilichokosekana, mara nyingi, ni mtu wa kuusubiri. Sura ya kwanza hubebwa na hamu. Sura ya nne huandikwa kwa sababu yuko mtu aliyesoma ya tatu akasema, "Lete niendelee."

Tumtazame Shaaban Robert. Tangu 1926 alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kwanza katika idara ya forodha, na uandishi aliufanya nje ya kazi hiyo. Riwaya yake, Kufikirika, aliiandika 1946, ikachapishwa 1967. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zaidi ya 3,000, nao ulichapishwa mwaka huohuo wa 1967. Mwenyewe alifariki 1962. Basi tukisema kinachomsukuma mwandishi ni kuona jina lake juu ya jalada, tutashindwa kueleza beti hizo zote zilitoka wapi.

Lakini tunazo barua zake. Alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, na barua zilizohifadhiwa ni za tangu 1931 hadi 1958. Profesa Mulokozi alizihariri, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ikazitoa kitabu mwaka 2002. Humo mna mambo ya nyumbani, ya fedha na ya kazi, na mna habari za vitabu pia. Sisemi kwamba Yusuf ndiye aliyekuwa mhariri wake. Ninachosema ni kwamba kwa miaka 27 alikuwapo mtu mmoja ambaye mwandishi huyu hakuhitaji kumweleza kwa nini anaandika. Aliyekuwa naye mtu wa namna hiyo anajua thamani yake. Asiyekuwa naye hujitetea kila siku mbele ya ndugu na jirani, na nguvu za kuandika zinaishia kwenye kujitetea.

Mshairi Mwana Kupona naye, alipotunga utendi wake mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, na alikuwa akimwandikia binti yake. Hakuanza na "hadhira". Tunaousoma leo ni wosia wa mama kwa mtoto mmoja.

Na mshairi Abdilatif Abdalla? Alifungwa Kenya tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake uitwao Kenya: Twendapi? Gerezani alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni, na yakatoka kitabu, Sauti ya Dhiki, mwaka 1973. Mojawapo ni "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambalo ni mabishano ya watu wawili, Alii na Badi. Hapo ndipo ninaposimama kila ninapolisoma: mtu ametengwa na watu, naye anatunga mazungumzo. Hakuwa na mwenzake wa kumjibu, akamtia ndani ya shairi.

Washairi wetu wamelijua hili siku zote. Mtu hutoa shairi, mwingine akamjibu kwa bahari na vina vilevile, wa tatu akaingilia kati. Magazeti kama Mambo Leo, lililoanza 1923, yaliwapa washairi uwanja wa kusomana kutoka miji iliyo mbalimbali. Sisi wa riwaya na hadithi fupi tumekosa desturi hiyo. Tunajifungia na mswada mpaka umalizike, ndipo tumtafute msomaji. Nadhani huo ni utaratibu mbaya, na umetupotezea kazi nyingi.

Msomaji wa kwanza afanye nini, basi? Kwanza asiseme "Hongera, kazi nzuri sana" akaishia hapo. Maneno hayo hupendeza jioni moja tu. Kesho yake mwandishi hajui aendelee wapi. Chukua sentensi hii: "Asha alihuzunika sana aliposikia habari za mumewe." Msomaji makini hatasema ni nzuri wala mbaya. Atachukua penseli aandike pembeni: "Alifanya nini?" Mwandishi atakaa na swali hilo, kisha atarudi na hii: "Asha aliendelea kupepeta mchele uliokwisha kuwa safi." Maneno mawili ya penseli yamemrudisha mtu mezani, na akirudi mezani kwa ajili ya sentensi moja, mara nyingi huandika ukurasa mzima. Hiyo ndiyo motisha ninayoijua. Huja kazi ikiwa imekwisha kuanza.

Kuna msaada mwingine ambao kwenye semina zetu hatuutaji. Mama anayeandika baada ya watoto kulala hahitaji maoni yetu kwanza; anahitaji mtu wa kuosha vyombo na kumbembeleza mtoto akiamka. Akina baba mlio humu, kama mkeo anaandika, saa moja ya utulivu unayompa ina faida kuliko sifa utakazompa mbele za watu. Jambo hili nalisema kwa uzito wote.

Tuzo nazo zinasaidia. Ile iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa, na Tanzania tunayo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Tarehe ya mwisho ya kupokea kazi imewaamsha wengi. Lakini tuzo haisomi sura ya nne iliyokwama, husubiri mswada uliokamilika. Makundi ya WhatsApp nayo, yakiwa na watu mia, hujaa salamu za asubuhi na picha za maua. Watu watatu au wanne wanatosha, wakikubaliana siku moja ya juma, na kila mmoja akaleta kurasa chache alizo nazo hata kama hazijamridhisha. Asiye na kurasa aje asikilize za wenzake. Kazi isomwe kwa sauti, maana sikio hukamata sentensi iliyolegea ambayo jicho limeiruka.

Ombi langu ni dogo. Kabla hatujatoka kwenda kula, kila mmoja amtafute mtu mmoja humu ukumbini, wapeane namba za simu, wapatane siku, na wapatane idadi ya kurasa. Mswada wa sura ya nne uwe wa kwanza kusomwa.