Kidonda Kimefunga, Mguu Unawaka



Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, katika miaka ya 1860, walikuwapo wanajeshi waliomwaga maji ndani ya buti zao kabla ya kupiga hatua. Kidonda cha risasi kilishafunga, ngozi juu yake imebaki nyembamba na inang'aa, lakini kiungo kinawaka moto. Wengine walitembea na chupa ya maji na kitambaa, wakiulowesha mkono mchana kutwa. Jirani wa kitanda akikunjua gazeti, maumivu yanapanda. Mtu akikatiza wodini kwa kishindo, yanapanda. Bendi ya jeshi ikianza kupiga huko nje, ndiyo usiseme.

Aliyeyaandika hayo ni Dakta Silas Weir Mitchell, wa hospitali ya Turner's Lane mjini Philadelphia, iliyokuwa ikipokea majeruhi wa mishipa ya fahamu, yaani neva. Mwaka 1864 yeye na wenzake wawili, George Morehouse na William Keen, walitoa kitabu juu ya majeraha ya risasi kwenye neva. Na mwaka huohuo, watatu haohao waliandika makala ya namna ya kuwanasa wanajeshi wanaojisingizia ugonjwa ili wasirudishwe vitani. Hawa hawakuwa madaktari wa kudanganywa kirahisi. Mbinu za watoro walizijua zote, na bado maumivu haya waliyaamini.

Nimeanzia mbali makusudi, kwa sababu zaidi ya miaka 150 baadaye, huku kwetu majeruhi wa vita bado anaambiwa anadeka.

Na vita kwetu si hadithi. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani huko Semuliki, wilayani Beni, mashariki mwa Kongo, ilivamiwa. Wanajeshi 15 wa Tanzania wakauawa na wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Januari 2025 mapigano yalipoingia Goma, hospitali ya CBCA Ndosho, inayosaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ilifurika majeruhi kupita uwezo wake, na wengi walikuwa raia. Sisi watu wa redio tulihesabu waliokufa, tukataja idadi ya waliojeruhiwa, tukahamia habari za michezo. Waliojeruhiwa walirudi makwao, na baadhi yao jioni hii wanatusikiliza wakiwa wameutoa mguu nje ya shuka, maana hata uzito wa shuka hawauwezi.

Mtazame mtu wa namna hii anapovaa soksi. Anaifungua mdomo kwa vidole, anaipenyeza taratibu, akifika kwenye unyayo anasita, anauma meno. Ukimchoma sindano palepale, huenda asisikie kitu. Pana ganzi, na papo hapo panaunguza. Mtu asiyejua atasema huyu anatunga: iweje pawe na ganzi halafu paume? Lakini hivyo ndivyo neva iliyojeruhiwa inavyofanya. Imepoteza kazi yake ya kupeleka habari za kweli, na sasa inapeleka habari zake yenyewe.

Risasi au kipande cha bomu kikiikata neva, ncha iliyobaki haikai kimya. Inachipua, mithili ya kisiki cha mwarobaini kilichokatwa vibaya, vichipukizi vikitoka kila upande bila kujua pa kwenda. Vinajisokota vikawa fundo, na fundo hilo linarusha ishara za maumivu bila kuguswa na yeyote. Uti wa mgongo, kwa kupigiwa kelele usiku na mchana, nao unakuwa mwepesi wa kushtuka. Ndiyo maana aliyekatwa mguu anaweza kuumwa na vidole ambavyo havipo tena. Akili yake ni timamu kabisa.

Sasa tazama anachopewa. Panado. Diklofenaki, miezi na miezi, hadi tumbo na figo vinaanza kulalamika. Dawa hizi zinafaa kidonda kibichi na uvimbe, lakini kwa maumivu ya neva msaada wake ni mdogo mno. Zikishindwa, anatafutiwa tramado. Hiyo inaweza kumpa ahueni kiasi, lakini miongozo ya kitaalamu haianzi nayo, na sote tunajua mtaani imewafanya nini vijana.

Dawa za kuanzia zinajulikana, na mojawapo ni ya zamani na ya bei nafuu: amitriptilini. Hapa ndipo mambo yanapoharibika. Mgonjwa anafika duka la dawa, muuzaji anakisoma cheti, kisha anauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Hii si dawa ya wagonjwa wa akili?" Jamaa anakikunja cheti chake anaondoka. Ni kweli dawa hii ilitengenezwa kwa ajili ya sonona. Lakini kwa kiwango kidogo, miligramu 10 au 25 kabla ya kulala, kisha kupandishwa polepole, inatuliza neva hata kwa mtu asiye na sonona. Gabapentini nayo ilianza kama dawa ya kifafa, na anayepewa dawa hiyo kwa mguu unaowaka hajaitwa mwenye kifafa.

Ninawalaumu wauzaji, lakini nawalaumu madaktari zaidi, kwa kuwa maelezo hayo ni ya dakika mbili tu. Mgonjwa aambiwe kuwa kinywa kitakauka, atasinzia, huenda akafunga choo. Aambiwe kwamba siku ya tatu asitarajie muujiza, maana dawa inahitaji wiki kadhaa, pengine 6 hadi 8, ndipo ijulikane kama inamfaa. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au shida ya kukojoa aseme mapema. Anayepewa gabapentini akae mbali na pombe, asiichanganye na tramado kwa uamuzi wake, kwani zikikutana zinaweza kupunguza pumzi. Na aambiwe ukweli kwamba si kila mtu atapona. Maumivu yakipungua nusu na usingizi ukarudi, wataalamu wanahesabu kuwa dawa imefanya kazi.

Wapo watakaohitaji zaidi ya vidonge. Fundo la neva likiwa linabanwa na mguu bandia, fundi wa viungo anaweza kurekebisha kikombe chake, na daktari wa upasuaji anaweza kuiunganisha ncha ile na neva ndogo ya msuli ili ipate pa kuchipulia. Upasuaji huo ulibuniwa Chicago kwa ajili ya kuendesha mikono bandia. Baadaye ikaonekana hata maumivu yanapungua.

Na kuna kioo. Kioo hikihiki cha ukutani. Mgonjwa anakisimamisha kati ya mguu mzima na kigutu, anautazama mguu mzima ndani ya kioo, anauchezesha, macho yanaona miguu miwili. Mwaka 2007 madaktari wa hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Washington, walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa waliokatwa mguu, dakika 15 kila siku kwa wiki 4. Wote sita wa kundi la kioo walisema maumivu yamepungua. Kati ya sita waliofanya vilevile mbele ya kioo kilichofunikwa, ni mmoja tu. Watu sita ni wachache, na tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote. Lakini kioo hakina madhara ya figo, na Kariakoo kinauzwa.

Kuyatambua maumivu yenyewe si kazi ya mashine. Kuna dodoso la Kifaransa la alama 10 ambalo hata mganga wa zahanati analiweza. Linauliza kama panaunguza, kama pana baridi inayouma, kama inapiga shoti, kama panawasha au kutambaa kama sisimizi. Kisha mganga anagusa kwa pamba na kwa sindano. Alama 4 kwenda juu, maumivu hayo yana kila dalili ya neva.

Ombi langu kwa waganga wakuu wa hospitali za jeshi, na za miji inayopokea majeruhi, linahusu siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kabla hamjaandika kwamba kidonda kimepona, chukueni pamba na sindano. Andikeni alama alizopata kwenye karatasi yake, jina la dawa na sababu ya kuitumia, kwa Kiswahili, ili muuzaji wa duka la dawa naye asome. Kisha mpeni tarehe ya kurudi baada ya wiki 6.