CHECHE KATIKA INJINI NA HATI YA MALIPO

Maneno ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya Unguja vyenye gari



Katika kazi ya ukaguzi nimezoea kuulizwa juu ya sanduku la fedha, daftari la hisa na mizania. Leo nimeombwa nizungumze juu ya gari, nami nimekubali kwa sababu ya hati za malipo. Katika vyama vyenye gari, hati nyingi ninazozipitia zimeandikwa maneno matatu tu: "matengenezo ya gari". Ukimwuliza katibu, hujibu kwamba gari ilikuwa haiwaki. Ukimwuliza ni kitu gani kilichoharibika, husema fundi ndiye ajuaye. Kisha hufuata hati nyingine ya mwezi huo huo, yenye maneno hayo hayo. Sikuja kuwageuza nyinyi kuwa mafundi. Nataka katibu aweze kumwuliza fundi swali, na alielewe jibu lake, kabla hajatia sahihi.

Injini ya petroli huenda kwa moto. Mchanganyiko wa hewa na petroli huingia katika silinda, pistoni huubana, na cheche ndogo ya umeme huuwasha kwenye ncha ya plagi. Injini ya dizeli haina plagi za namna hii. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Kwa hiyo katibu wa chama chenye lori la dizeli akiletewa risiti ya plagi za cheche, na asimame hapo hapo aulize vizuri.

Betri ya gari ina volti 12. Nguvu hiyo haiwezi kuruka uwazi wa milimita moja katika hewa iliyobanwa, na ndiyo sababu ya kuwapo koili. Ndani ya koili mna nyaya mbili zilizozungushiwa chuma: mmoja mnene wenye mizunguko michache, na mwingine mwembamba wenye mizunguko maelfu. Umeme wa betri hupita katika waya mnene na kukifanya chuma kuwa sumaku. Kisha umeme hukatwa ghafla, nguvu ya sumaku huporomoka, na katika waya mwembamba huzuka volti 20,000 na zaidi. Angalieni jambo hili, kwani wengi hulidhani kinyume chake: cheche huruka pale umeme unapokatwa, si pale unapounganishwa.

Mkaguzi hapendi maneno bila ya tarakimu. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huhitaji cheche 1,500, na zote nne huhitaji 6,000. Hizo ni cheche 100 kwa kila sekunde, na kila moja lazima ifike kwa wakati wake.

Zamani kazi ya kukata umeme ilifanywa na pointi, vyuma viwili vidogo vilivyokuwa vikifunguka na kufunga ndani ya distributa. Dereva mwenye msasa na jicho zuri aliweza kuzisugua njiani na safari ikaendelea. Gari za Kijapani tunazozinunua siku hizi zikiwa zimekwisha kutumika, kama vile Probox za petroli na Noah za kuanzia mwaka 2001, hazina pointi wala distributa. Kila plagi ina koili yake iliyokaa juu yake, na kompyuta ndiyo inayokata umeme, baada ya kupashwa habari na sensa inayoutazama mhimili mkuu wa injini, ambao mafundi huuita krenki.

Mabadiliko haya yamepunguza kazi nyingi, lakini yameziacha nyuma desturi fulani za gereji. Ya kwanza ni kuvua waya au koili huku injini ikinguruma ili kutazama kama cheche ipo. Katika gari ya leo kufanya hivyo kwaweza kuiunguza koili, na mkono wa mtu pia haumo katika salama. Ya pili ni kuvua waya wa betri injini ikiwa inakwenda, ati kupima kama altaneta inachaji. Umeme hupanda ghafla na kompyuta yaweza kuharibika. Altaneta hupimwa kwa mita: betri nzima iliyotulia huonyesha karibu volti 12.6, na injini ikiwashwa hupanda hadi karibu volti 14. Dereva wa chama na akatazwe mambo haya mawili kwa maandishi.

Sasa nije kwenye bahari yetu. Gari zinazobeba samaki kutoka Malindi, au mwani ambao haujakauka sawasawa kutoka Paje na Jambiani, huchuruzika maji ya chumvi. Katika Noah na Townace za zamani zenye injini chini ya viti vya mbele, maji hayo hupata njia ya kufika penye soketi na nyaya, na vichwa vya shaba huota kutu ya kijani. Tandikeni turubai zito, na muoshe sakafu kwa maji matamu jioni ile ile. Hata hivyo, injini isioshwe kwa pampu ya nguvu. Maji huingia katika visima vya plagi na kukaa humo chini ya koili, na asubuhi gari hutetemeka. Nimeona gari zilizoharibiwa na usafi wa namna hiyo kuliko zilizoharibiwa na mvua ya masika.

Tena wako wanaokwenda safari fupi fupi tu. Gari haiwezi kuingia katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Husimama Darajani, hamali hupakua, injini imeachwa inanguruma, kisha husogea kidogo na kusimama tena. Injini isiyopata moto wa kutosha hujaza masizi kwenye plagi. Zimeni injini wakati wa kupakua.

Silinda moja ikikosa cheche, gari hutetemeka, hukosa nguvu na hula petroli zaidi. Taa ya injini ikiwaka tu, pelekeni gari ikapimwe. Ikiwa inapepesa, mambo ni mazito: petroli isiyoungua inapita kwenda kwenye bomba la moshi, nayo huyaunguza masega yanayosafisha moshi, na bei ya masega hupita kwa mbali bei ya koili. Dereva apunguze mwendo, na asimame mahali pa salama.

Chama kimoja cha wakulima wa mboga, ambacho sitakitaja, kilikuwa na gari inayotetemeka hivyo. Hati zake zilionyesha plagi nne, kisha pampu ya petroli, kisha betri mpya. Muda wote huo tungule za wanachama zilikuwa zikilainika katika matenga, na waliokodi pick-up kuzifikisha Mwanakwerekwe walilipa kutoka mifukoni mwao. Mwisho ilikutwa koili moja mbovu.

Na kuijua koili mbovu hakuhitaji gharama. Fundi huunganisha chombo cha kusomea kompyuta. Tuseme kinaonyesha P0303, yaani silinda ya 3 haiwaki sawasawa. Swichi ikiwa imezimwa, koili ya silinda ya 3 hubadilishwa nafasi na ile ya 2, alama hufutwa, na gari huendeshwa. Ikitokea P0302, ubaya umehama pamoja na koili, basi nunueni koili moja. Ikibaki P0303, koili haina kosa. Fundi aitazame plagi, halafu soketi, halafu bomba la petroli la silinda hiyo.

Plagi zifunguliwe injini ikiwa imepoa, kwani kichwa cha injini ni cha alumini na njia za skrubu zake hutoka upesi. Plagi mpya yenye shata ianzwe kwa mkono, na ikigusa izungushwe kiasi cha nusu mzunguko, isizidi. Plagi za iridiamu huweza kufika kilomita 100,000. Za kawaida hazifiki hata nusu yake. Iridiamu isisuguliwe kwa msasa wala brashi ya waya. Na jihadharini na za bandia, maana boksi zuri halitoi cheche.

Kuanzia robo ijayo, katika kila hati ya matengenezo nitatafuta tarehe, kilomita za gari, alama iliyosomwa, jina na namba ya kipuri, na kipuri cha zamani chenyewe kikiwa ndani ya mfuko ulioandikwa namba ya hati. Fundi akikataa kukirudisha kipuri cha zamani, katibu asitie sahihi.

Ndugu zangu, gari ya chama cha wenyeji wetu imesimama hapo nje tangu asubuhi, nadhani injini imekwisha poa. Tutoke tukazitazame plagi zake, na kila katibu aje na daftari lake.