Umoja wa Madhehebu Yetu: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano wa Mwaka, Raila, Kibera



Nimeombwa niseme juu ya umoja wa Wakristo. Sitaanza mbali. Hapa Raila msiba ukitokea, fedha za kusafirisha maiti hutoka katika mfuko mmoja, wala mweka hazina hamwulizi mtu alibatizwa wapi. Lakini saa ya sala ikifika, ndipo mashindano huanza. Mwaka huu uliokwisha nilimwona mjane ameketi kando ya jeneza la mumewe, akingoja viongozi wa makanisa mawili wapatane nani atangulie kuomba. Alingoja tangu asubuhi hata adhuhuri. Makanisa hayo siyataji. Wenyewe wamo humu.

Ugomvi wa namna hii si mgeni kwetu. Mwezi wa Juni 1913, wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti na wengineo walikutana Thogoto, huko Kikuyu, ukiisha kupita Kawangware na Dagoretti, wakitaka kufanya shirikisho la kazi zao. Mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa aliongoza ibada ya Meza ya Bwana katika kanisa la Waskoti, na watu wa madhehebu mengine wakashiriki. Askofu Weston wa Zanzibar alipopata habari, aliwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kwamba wamepotoka katika imani. Tusimcheke Weston, alisema aliloliamini. Lakini shirikisho lile halikupatikana kama lilivyokusudiwa.

Hata hivyo kazi haikungoja meza. Mwaka 1918 baadhi ya misioni hizo ziliungana kwa kazi, na mwaka 1926 ikafunguliwa Alliance High School papo hapo Kikuyu. Tena, zamani Mombasa na Unguja kila upande ulikuwa na tafsiri yake ya Maandiko. Mwaka 1952 ikatolewa Biblia nzima kwa Kiswahili kimoja, nayo ndiyo wengi wenu mmeishika mkononi sasa.

Basi, naiomba kamati jambo moja. Kila mwanachama, angali hai, aandikishe katika daftari la katibu ni nani atakayeongoza sala siku yake. Wengine wote waje, waimbe, wabebe jeneza. Mimi nimekwisha kuandika langu, katibu analo.