Wakala Naye Aonyeshe Kitambulisho

Leo nina neno na mawakala wa ajira, na nina neno pia na wewe unayepanga foleni nje ya ofisi zao.

Msimu wa watalii ukikaribia huku Pwani, hoteli za Diani, Nyali, Watamu na Malindi hutafuta watu wa ziada: weita, watandika vitanda, wasaidizi wa jikoni, wafua nguo, walinzi wa lango. Hoteli nyingi siku hizi haziwaajiri watu hao zenyewe, zinamwachia wakala. Wakala ndiye anayetangaza, ndiye anayechagua, ndiye anayelipa mshahara, na kandarasi anayotoa ni ya miezi mitatu, ikizidi sana sita. Ikiisha, mtu anarudi mwanzo. Akienda kwa wakala mwingine, au hata kwa yuleyule wa jana, anaanza upya kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

Vinavyoitishwa mnavijua. Kitambulisho cha taifa, PIN ya kodi ya KRA, namba ya akiba ya uzeeni ya NSSF, namba ya bima ya afya ya SHA, cheti cha tabia njema, picha za pasipoti, vyeti vya shule, na wengine huongeza barua ya chifu. Vyote kwa pamoja, na vyote leo.

Sipingi ukaguzi wenyewe, na hilo nataka lieleweke mapema. Mwenye hoteli anayemkabidhi mtu funguo za vyumba vya wageni ana haki ya kumjua. Kampuni za ulinzi zinabanwa na sheria yao ya mwaka 2016, na ni sawa zibanwe, maana mlinzi ndiye anayelala macho tukilala sisi. Kitambulisho pia ni kinga dhidi ya kuajiri watoto, kwa kuwa mtu hapewi kabla ya kufika miaka 18. Halafu kuna makato. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na NSSF nayo ikiendelea kukata kila mwezi, jina na namba ya mfanyakazi vikawa ndiyo njia pekee ya jasho lake kumrudia. Namba ikikosewa, mtu anakatwa mwaka mzima na akifika hospitali anaambiwa hayumo.

Pwani tunaujua uchungu wa kufanya kazi bila jina. Wamakonde waliletwa kukata mkonge na miwa enzi za ukoloni, wakazaa watoto na wajukuu Kwale, na bado walihesabiwa kuwa wageni mpaka walipofunga safari ya miguu kwenda Nairobi Oktoba 2016. Walipewa vitambulisho Februari 2017. Wapemba, wavuvi waliokaa Kilifi na Kwale vizazi kadhaa, walitambuliwa rasmi Julai 2023. Katika miaka yote hiyo wapo waliofanya vibarua kwa kitambulisho cha kuazima. Kazi alifanya mmoja, akiba ya uzeeni ikaandikwa kwa mwingine. Na kijana wa Kinubi kutoka Kibera, au Msomali kutoka Garissa, alilazimika kuhojiwa na kamati ya uhakiki kabla ya kupata kadi ambayo wenzake waliipata kwa kujaza fomu tu. Utaratibu huo ulifutwa kwa tamko la Rais Ruto Februari 2025. Kwa hiyo karani wa wakala anaposema "njoo na kitambulisho kesho", ajue anaitisha kitu ambacho watu wengine wamekihangaikia nusu ya maisha yao.

Sasa nije kwenye ubaya wenyewe, na wa kwanza ni wa wakati.

Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022. Marekebisho hayo yanasema mwajiri asimwitishe mtafuta kazi vyeti vya kuidhinishwa, kama hicho cha tabia njema, isipokuwa awe anakusudia kuandikiana naye mkataba wa kazi. Kwanza nia ya kuajiri, ndipo vyeti. Mwajiri hapotezi chochote hapo, kwa sababu sheria hiyohiyo inamruhusu kuiondoa ofa yake iwapo mtu atashindwa kuvileta. Lakini tazama matangazo yanayozunguka kwenye WhatsApp: "Nafasi ishirini, fika na vyeti vyote, cheti cha tabia njema lazima." Wanafika mamia. Kila mmoja ameshalipia cheti chake, na wengi wao hawatasikia tena kutoka kwa wakala huyo.

Cheti hicho nacho si cha kuokota njiani. Ada yake kwenye eCitizen imekuwa shilingi 1,050. Asiye na simu nzuri huenda saiba, akafunguliwa akaunti, akachapiwa fomu, na mwenye saiba naye akachukua chake. Kisha ni nauli ya kwenda Huduma Centre kutiwa alama za vidole. Afisa anakishika kidole kimoja kimoja, anakibingirisha kwenye wino, anakibingirisha tena kwenye karatasi, vyote kumi. Sasa mlete pale kijana aliyekata matofali ya matumbawe kwenye machimbo ya Kwale, au mama aliyeparua samaki maisha yake yote. Ngozi ya vidole imelika, ile mistari midogo imefutika, na alama inatoka kama doa la wino tu. Anafutwa mikono, anarudia. Haitoki, anaambiwa arudi siku nyingine. Mtu huyo anaadhibiwa kwa sababu amefanya kazi sana, na anayemwadhibu ni mlango wa kuingilia kazini.

Ubaya wa pili ni kushikilia. Kukagua ni kutazama, kulinganisha sura na picha, kunakili namba, na kumrudishia mwenyewe kadi yake palepale. Wapo mawakala wanaoiweka kwenye droo. Wanasema ni mpaka usajili uishe, au mpaka ulipe pesa ya sare, au ili usihamie kwa wakala mwingine kandarasi ikiwa bado inaendelea. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa hapo kitambulisho kimegeuzwa kamba ya kumfunga mtu. Sheria ya Usajili wa Watu inamhesabu kuwa mkosaji anayempokonya mwenzake kitambulisho kinyume cha sheria. Pasipoti nayo imeandikwa ndani kwamba ni mali ya Serikali ya Kenya; wakala anayekupeleka Saudia au Qatar hana mamlaka ya kuifanya rehani ya deni lake. Na bila kitambulisho hutoi pesa benki, husajili laini ya simu, na polisi wakikusimamisha usiku huna cha kuonyesha. Kikipotea kwenye droo hiyo, aliyekipoteza si yeye anayelipia kingine. Zamani ada ilikuwa shilingi 100. Sasa ni 1,000.

Halafu kuna fotokopi. Nimeona ofisi ambapo nakala za vitambulisho vya waliokosa kazi zimerundikwa kwenye katoni kando ya mlango, uso juu, namba zote wazi, na kila aingiaye anaweza kuondoka nazo. Mwaka 2021 Msajili wa Vyama vya Siasa alipowafungulia Wakenya mtandao wa kuangalia majina yao, watu wengi mno waligundua wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama wasivyowahi kukanyaga ofisi zake. Namba ya kitambulisho ilitosha. Kama ilitosha kwa chama, fikiria nini kingine kinaweza kufanywa kwa nakala kamili yenye picha, sahihi na namba ya simu pembeni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka anayekusanya habari zako akwambie anazitakia nini, achukue zile anazozihitaji tu, na azifute haja ikiisha. Haya si maneno ya kupamba karatasi. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Katoni ile kando ya mlango inastahili kutazamwa na jicho hilohilo.

Kuna jambo jingine dogo linaloumiza watu wetu hasa, nalo ni tahajia. Tuseme msichana kwenye cheti cha kuzaliwa ni Mwanahamisi, kwenye cheti cha shule ni Mwanakhamisi, na kitambulisho kimemwandika Mwanamisi. Makarani watatu, masikio matatu, mtu mmoja. Tarehe ya kuzaliwa ni ileile, jina la baba ni lilelile, picha ni yake. Karani wa wakala anamwambia majina hayalingani, akatafute hati ya kiapo kwa wakili, na akirudi nafasi imeshakwenda. Naomba mawakala wafundishe makarani wao kusoma hati nzima. Ukaguzi ni wa kumjua mtu, na huyu ameshajulikana.

Lakini lililonileta kwenye maikrofoni leo ni hili. Katika meza ile anakaguliwa mmoja tu. Wakala anajua jina lako, la baba yako, kijiji chako, vidole vyako na kama umewahi kushtakiwa. Wewe unajua nini kumhusu? Mara nyingi ni jina la kwanza na namba ya simu. Ofisi ni chumba cha kukodi juu ya duka, na kibao cha mlangoni kinaweza kung'olewa kwa bisibisi usiku mmoja.

Sheria haikukusudia hivyo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2007 inataka wakala wa ajira awe amesajiliwa, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, huweka orodha ya mawakala wenye leseni kwenye mtandao wake. Sheria ya Ajira inasema kandarasi ya miezi mitatu au zaidi iwe ya maandishi, na ndani yake liwemo jina la mfanyakazi pamoja na jina la mwajiri. Hapo ndipo mawakala wengi hukwepa. Siku ya kukuchagua wao ndio waajiri; siku ya kuumia mgongo ukibeba magodoro, wanakutuma hotelini; hoteli nayo inakurudisha kwa wakala. Jina la mwajiri likiwa limeandikwa na kutiwa sahihi tangu siku ya kwanza, mchezo huo hauna pa kusimama.

Nawaomba maafisa wa kazi wa kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi wazitembelee ofisi hizi kabla msimu haujaanza, wasingoje vilio vya Januari. Wafungue droo. Waulize vile vitambulisho vilivyomo ni vya nani na vinafanya nini pale.

Na wewe msikilizaji unayeamkia foleni kesho: beba nakala, na kitambulisho chenyewe kitoe kwa kuonyesha tu. Kabla hujaacha nakala, uliza wakala amesajiliwa kwa jina gani, ulitafute kwenye orodha ya NEA, na uulize mkataba utabeba jina la mwajiri yupi. Ukiambiwa lipa kwanza pesa ya fomu ndipo ujibiwe, toka. Kama kitambulisho chako kimo kwenye droo ya mtu wakati huu unaponisikiliza, nenda ukakidai asubuhi, na ukiweza usiende peke yako. Akikataa kukupa, andikisha malalamiko kituo cha polisi na kwenye ofisi ya kazi ya kaunti siku hiyohiyo.